Chumvi ya Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimenunua samaki wa miamba! Rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe, mdomo wa dharau. Nimemwita Mheshimiwa: anakula, hafanyi kazi. Tangi la kioo lita themanini, chumvi ya bahari gramu thelathini na tano kwa lita, jumla elfu mbili na mia nane. Kichwani, bila kalamu! Muuza samaki alitaka kunibambikia kipimo cha chumvi. Nikamwambia kipimo ninacho, nimekivalia kofia.

Mama mkwe anakuja wiki ijayo. Tangu kuku wangu wanne wafe, hutangaza katika kila harusi kwamba mkwe wake hawezi kufuga hata ndevu. Sasa atamwona Mheshimiwa. Atanyamaza.

Jumanne, 11 Machi
Maji yanapungua lita mbili kila siku. Yanakwenda hewani, kwa sababu ya taa na feni. Fundi friji mimi, hilo halinibabaishi. Kila asubuhi naongeza lita mbili na gramu sabini za chumvi. Hesabu safi. Mke wangu kasema samaki kanyong'onyea. Nikamjibu anatafakari.

Ijumaa, 14 Machi
Mama mkwe kafika. Siku hiyo hiyo Mheshimiwa kajibanza pembeni, anahema kama mtu aliyepanda ghorofa tano na gunia. Balaa gani hii! Mama mkwe kamtazama, kauliza mazishi saa ngapi. Chakula kimenishinda. Nimeketi mbele ya tangi nikimbembeleza asife. Mtu mzima mimi, namwomba samaki radhi.

Jumamosi, 15 Machi
Mama mkwe kanikuta natia chumvi. Kachovya kidole tangini, kaonja, katema. Akauliza, baba, huyu unamfuga au unamkausha? Eti mchuzi ukikauka yanayoondoka ni maji, chumvi inabaki palepale. Sasa mpishi gani anaongeza chumvi? Nikasema hili si sufuria. Akasema kweli, sufuria huwa na mwenyewe. Mke wangu kacheka mpaka kakaa sakafuni.

Kutwa nzima tumepunguza maji ya tangi na kuongeza yasiyo na chumvi, kikombe kwa kikombe, yeye akionja. Jioni Mheshimiwa kala! Nusura nimkumbatie mama mkwe. Nikajikaza.

Jumapili, 23 Machi
Mama mkwe kaondoka jana. Pale stendi, mbele ya watu, kasema safari hii nimefuga. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Leo zamu ya kubadilisha maji machafu. Nimechota lita ishirini, nikazimwaga na chumvi yake. Nimerudisha lita ishirini za bombani, safi, bila chembe ya chumvi. Mimi siambiwi mara mbili!

Mheshimiwa kajibanza pembeni, anahema. Bila shaka anamkumbuka mama mkwe. Mke wangu naye kamkumbuka ghafla: yuko kwenye simu, anamwomba arudi kwa basi la kwanza, na asisahau kile kidole.