Malalamiko Yaelekezwe Kwenye Pongezi

Foleni ilifutwa rasmi mkoani Simiyu siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, na tangazo likazungushwa Bariadi nzima kwa gari la spika.

Bwana Constantine Luhende, Mkurugenzi wa Wakala wa Mwitikio kwa Umma, alikata utepe mbele ya kompyuta iliyowekewa kiyoyozi peke yake. Hiyo ndiyo seva. Katika soko huria, alieleza, mwananchi ni mteja, na mteja hasimamishwi juani.

Nyamizi, fundi wa mfumo, aliipanga vizuri. Ombi likiingia kwa simu, seva inasoma anwani yake: la mifugo inalipeleka kwenye programu ya vibali, la malalamiko kwenye malalamiko, la pongezi kwenye pongezi.

Mwezi ulipoisha, Mkurugenzi akafungua ripoti. Malalamiko elfu nne, karibu yote ya mji wa Mwanhuzi, ambako pampu ya kisima ilikufa na ng'ombe walikuwa wakiifuata. Pongezi moja. Aliituma mwenyewe, kujaribu mfumo. Roho ilimuuma.

"Nyamizi, haya malalamiko yanapotea njia."

"Hapana, bosi. Yanafika."

"Ndiyo kosa lenyewe. Yaelekeze kwenye pongezi."

"Bosi, hawa watu wanaomba maji."

"Mtu akikuomba maji si ameshakuamini? Hiyo ni pongezi, imekosa mpangilio tu."

Nyamizi akadai agizo la maandishi, lenye muhuri. Alipolipata, akabadilisha mstari mmoja. Tangu hapo, kila aliyelalamika alijibiwa kwamba pongezi zake zimepokelewa. Watu wakakasirika, wakaandika tena, na tena. Mkurugenzi akaanza kunenepa.

Makao makuu yaliduwaa: pongezi elfu tisa, mji mmoja, zote zikitaja maji! Barua ikaja haraka. Pampu mpya iliyokuwa njiani kwenda Mwanhuzi ipelekwe kwenye shida zaidi. Na Bwana Luhende, kwa jinsi anavyopendwa, ahamie Mwanhuzi mara moja, akaishi na watu wake.

Alipiga simu kupinga.

"Acha unyenyekevu," aliambiwa. "Tumesoma wenyewe."

Nyumba aliyopewa ilikuwa na bomba jipya, linalotoa upepo. Asubuhi ya kwanza akashika ndoo, akashuka hadi mto mkavu, ambako watu walikuwa wakifukua mchanga. Mama mmoja, Kwandu, aliitazama suti yake kwa huruma ya kweli, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Ng'wangaluka, baba. Karibu sana. Wageni wanachimba kule chini, ng'ombe wakishakunywa."