Korido Inayosubiri Mkasi

Wodi ya Wazazi, Kitanda Namba 9,
Hospitali ya Santa Bonifacia.
Jumatatu

Mheshimiwa Msanifu Majengo Villaruz,

Pokea salamu zangu kutoka kitandani. Mimi naitwa Lourdelyn Abrenica, mama wa binti mwenye umri wa siku kumi na moja. Bado hana jina, kwa sababu alizaliwa na miezi saba na mama mkwe wangu anataka kwanza afikishe kilo mbili. Leo ana kilo moja na gramu mia tatu. Daktari amesema dawa yake ni mimi: maziwa yangu kila baada ya saa tatu, na kifua changu, ngozi kwa ngozi, kwa muda mrefu niwezavyo.

Kwanza nakupongeza. Nimeambiwa wewe ndiye uliyechora korido ya ghorofa ya pili, inayotoka wodi yetu hadi wodi ya watoto njiti. Imenipendeza sana. Ina vyuma vya kushikilia ukutani kwa ajili yetu wenye mishono, madirisha mapana, na viti vya kunyonyeshea. Ni hatua thelathini na moja. Nimezihesabu kwa macho tu, kwa kuwa korido imekamilika tangu miezi minne iliyopita ila imefungwa utepe mwekundu, na utepe unamsubiri Gavana aje aukate. Kwa hiyo sisi tunazunguka: ngazi, maegesho ya magari, kanisa dogo, kantini, halafu kile kipandio cha vitanda vya magurudumu. Hatua mia sita na arobaini, mara nane kwa siku, kikombe cha maziwa mkono mmoja na mkono mwingine umeshika tumbo.

Sina ugomvi na utepe. Mimi ni mtu wa taratibu, shuleni nilikuwa kiranja wa usafi. Nina malalamiko machache tu.

1. Utepe haumo kwenye mchoro wako. Mchoro umebandikwa karibu na lifti na nimeusoma wote, mpaka vyoo. Hilo limenishangaza, maana utepe ndio sehemu imara kuliko zote katika jengo hili. Ukuta wa bafu umeshapata ufa, dari linavuja juu ya kitanda namba 6, lakini utepe haujalegea hata kidogo. Naomba majengo yajayo uutumie badala ya zege.

2. Nyuma ya utepe kuna mimea miwili ya vyunguni. Kila asubuhi mfagiaji anainama, anapita chini ya utepe na kuimwagilia. Nilimuuliza mlinzi wetu, Kaka Dading, "Yule mbona anapita?"

"Mimea ni ya sherehe, dada. Ikinyauka anafukuzwa kazi."

"Na mtoto wangu akinyauka?"

Akatazama viatu vyake. "Dada, mimi utepe sikuufunga."

Kuinama kama mfagiaji siwezi, nimepasuliwa. Kwa hiyo naomba binti yangu aandikishwe kama mmea. Hana makuu. Anakunywa kidogo kuliko hiyo miwili.

3. Viti. Wodi ya watoto haina hata kimoja kwa kuwa wewe, kwa busara zako, uliviweka kwenye korido, karibu kabisa. Navyo vimekaa humo na nailoni zake. Mimi nambeba binti yangu kifuani nikiwa wima mpaka nachoka, kisha namrudisha kwenye kisanduku chake cha joto kabla sijaanguka naye.

4. Sherehe imeahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza kimbunga, na kimbunga nakisamehe. Mara ya pili Gavana alikuwa anafungua uwanja wa mpira wa kikapu. Mara ya tatu Mheshimiwa Mbunge alisema nusu ya korido imejengwa kwa juhudi zake, basi na jina lake liwe kwenye kibao. Naomba utepe uhamishiwe katikati. Nusu ya Mbunge nitaitumia, nusu ya Gavana nitaitazama.

5. Mama mkwe wangu, Nanay Pacing, huniletea mchuzi wa kuku na majani ya mlonge ili maziwa yaongezeke, na kila sufuria inakuja na ushauri. Juzi alisema, "Mwalike Gavana awe baba wa ubatizo wa mtoto. Ubatizo ufanyike humo humo kwenye korido. Hawa wanasiasa hawakosi ubatizo, wala mazi—"

Nikamwambia, "Nanay, ishia hapo."

Ila wazo la ubatizo nakuachia ulifikirie.

6. Hospitali ijayo, tafadhali chora korido mbili, moja ya kukatwa na moja ya kupita. Ya kukatwa iwe jirani na maegesho, isielekee popote, iwe na mwanga mzuri wa picha.

Jumamosi binti yangu alipimwa akawa amepungua gramu arobaini. Najua kwa majengo gramu arobaini si kitu. Ni vijiko vinane vya chai. Ndivyo vilivyomwagika Ijumaa kwenye kile kipandio cha baada ya kantini, nilipoteleza kwenye maji ya mvua. Mshono ulivuja, lakini kilichoniliza ni kikombe.

Wasalimie wachoraji wote wa ofisini kwako, mkeo, Gavana, Mbunge, na yeyote aliyechagua rangi ya utepe. Ni rangi nzuri.

Wako katika taratibu zote,
Lourdelyn Abrenica

Nyongeza, Jumatano. Sikupata mtu wa kuileta barua hii, kwa hiyo naongeza. Malalamiko yote sita yapuuze. Leo saa nne asubuhi Nesi Teresing alinibadilisha bandeji, akaweka mkasi kwenye shuka langu na kutangaza wodi nzima isikie, "Jamani, mkasi nimeusahau hapa kitanda namba 9, mtu asiuguse." Kaka Dading aligeuka kukagua mimea. Nilipomaliza kukata utepe alipiga makofi matatu, akasema uzinduzi usio na makofi si halali. Hatua ni ishirini na nane, ulitupunja kidogo kwa wema. Nimekaa kwenye kiti chako saa mbili nzima, na binti yangu amelala kifuani kwangu akidondosha maziwa mdomoni. Kipande cha utepe Nanay amemfunga mkononi, maana chekundu huzuia kijicho. Uliobaki tumeuunga kwa fundo, hauonekani kwa mbali. Gavana bado anakaribishwa, akate hapo kwenye fundo. Ila asimame pembeni, akina mama tunapita.