Uzinduzi wa Kiwanda cha Magari, Njia ya Mtera

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi. Ndugu Katibu wa Kamati ya Maandalizi, na Ndugu Katibu wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Waheshimiwa mliokalia viti vya kitambaa, na wananchi wapendwa mliosimama juani. Wazee wangu, shikamooni! (Marahaba chache.)

Mimi, Obedi, Mkurugenzi wa Bodi ya Kulinda Gari la Nyumbani, niliwaahidi miaka miwili iliyopita kwamba Dodoma itaunda gari lake, na kwa kuwa magari ya Japani yangelinyima gari letu wateja, nikasuka mfumo madhubuti: ushuru ukapanda mara tatu, gari lililozidi miaka mitano tangu liundwe likapigwa marufuku, na yaliyosalia yakahitaji vibali kumi na saba, ambavyo vyote nasaini mimi, siku za Alhamisi, nikiwepo. (Makofi kutoka viti vya kitambaa.)

Matokeo yanapimika! Mauzo ya magari ya nje pale Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, yameshuka kwa asilimia mia moja. (Sauti ya mwanamke: "Ni kwa sababu mmeifunga yadi yangu!") Naam, huyo ni Bi Mwantum, mfanyabiashara wetu mahiri kutoka Kondoa, ambaye magari yake kumi na moja tuliyafungia kwa kufuli ili yakaguliwe. (Bi Mwantum: "Mheshimiwa, niliyalipia ushuru wote kabla ya hiyo kanuni yako! Mafundi wangu wanne wamekosa kazi. Unafungua lini?")

Swali zuri, na nitalijibu kitaalamu. Kwanza, badala ya mafundi wanne tumeajiri walinzi wawili wa kuhakikisha magari hayo hayauzwi, kwa hiyo ajira haijapotea, imehama tu. Pili, magari hayo yaliingia nchini yakiwa na miaka minne. Yamekaa yadini miaka miwili, sasa yana sita, kwa hiyo yamevunja kanuni yenyewe, sisi hatujayagusa. (Kicheko. Bi Mwantum hacheki.)

Nasikia pia manung'uniko kutoka Mpwapwa, kwamba gari halinunuliki tena na wajawazito wanapelekwa hospitali kwa bodaboda. Nawapongeza akina mama hao kwa uzalendo, kwani kila anayepanda bodaboda leo ni mteja wetu wa kesho. (Mtu anakohoa.) Mimi mwenyewe gari nililojia limetoka nje, na nililisamehe ushuru kwa uchungu mkubwa, maana kiongozi lazima afike.

Gari la nyumbani! (Viti vya kitambaa: "Lisubiriwe!") Gari la nje! ("Lifungiwe!") Gari la Mkurugenzi! ("Lipite!")

Kwa heshima kubwa, natamka kiwanda hiki kimezinduliwa rasmi. Nawashukuru wenye turubai, na kijana aliyeichora picha ya kiwanda kwenye bango hili lililoko nyuma yangu, kazi iliyomaliza bajeti yetu yote kwa ufanisi. Bi Mwantum, jibu lako ni hili: kufuli litafunguliwa siku gari la kwanza litakapotoka hapa. (Bi Mwantum: "Hapa wapi?") Na mwisho kabisa namshukuru Mzee Gideoni, mwenye uwanja huu, aliyewahamisha mbuzi wake tangu asubuhi. Mzee wangu, tumemaliza. Warudishe malishoni, na mvua zikianza panda mtama wako kama kila mwaka, uwanja wote.