Kope Zimevimba na Mchumba Yuko Ndani ya Leso

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Nimeamka macho yamegandana. Tongotongo! Kope zimevimba na zinawasha ajabu. Na Jumamosi tunapeleka mahari kwao mchumba wangu Kalondu, huko Mumbuni. Wanawake watafunikwa leso kichwani hadi vifundoni, nami nichague wangu. Nikikosea, faini ya mbuzi na aibu tele.

Kanini, dadake Kalondu, ni nesi. Akasema niweke kitambaa safi cha maji vuguvugu dakika tano, kisha nioshe kingo za kope kwa shampuu ya mtoto iliyozimuliwa. Nisisugue. Asubuhi na jioni, kila siku. Kila siku! Na duka langu nimwachie nani?

Jumanne, 6 Agosti

Nimepiga hesabu. Mpaka Jumamosi ni dakika hamsini. Nikazimaliza zote leo, kwa mpigo, na maji moto kabisa. Wueh! Kope sasa ni nyanya mbivu. Binamu yangu Maundu, msimamizi wangu wa harusi, akaniuliza kama nimeumwa na nyuki. Ana wivu huyo.

Alhamisi, 8 Agosti

Sijaosha. Macho ya nini? Nimenunua manukato makali, nikampa Kanini ampelekee Kalondu ajipake hiyo siku. Akacheka, akasema sawa shemeji, lakini osha kope. Nikasema nitaosha. Mimi ni moto!

Jumamosi, 10 Agosti

Vigelegele! Leso saba mbele yangu, naona ukungu tu. Nikanusa. Wa tatu! Nikamshika mkono kwa maringo yote. Akafunuliwa: Kamanthe, nyanyake Kalondu. Akanishukuru kwa manukato aliyoletewa na Kanini na kuuliza tunahamia lini. Maundu akagaagaa chini kwa kicheko.

Kalondu akajifunua mwenyewe, amekasirika. Akasema miguu yake ilikuwa wazi, na viatu nilimnunulia mimi. Roho iliniuma sana. Babake, Mzee Nzioka, akataka mbuzi, na nirudi tarehe 24. Nikikosea tena, Kalondu anabaki kwao.

Halafu Kalondu akanikalisha akaniosha kope, polepole. Nampenda jamani!

Ijumaa, 23 Agosti

Niliosha wiki nzima, nikapona kabisa! Basi nikaacha. Kanini alisema hata nikipona niendelee, lakini manesi hawakosi la kusema. Leo zinawasha kidogo. Nimesugua. Ni vumbi tu.

Kesho sina wasiwasi hata chembe. Kalondu atavaa njuga mguuni. Kanini ameahidi kumfungia yeye mwenyewe.