Mwanamke wa Nyuma ya Josho

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Tinde.

Gari la sinema limevunjika springi korongoni, barabara ya Shinyanga. Bahati iliyoje! Dereva amedandia lori kwenda kutafuta springi nyingine, na mkalimani wao kaondoka naye. Amebaki Bwana Ignas, yule anayeshika kipaza sauti na kuwaeleza watu wanachokiona. Onyesho litakuwa Jumamosi, uwanjani, nyuma ya ghala la pamba ambamo mimi ni karani. Nimempelekea kuku.

Habari mbaya ni hii. Apolonia anahama. Kaniambia mwenyewe akinimiminia chai, kwa sauti ya mtu anayesema sukari imekwisha. Anakwenda Geita kufungua hoteli yake ya chai karibu na mgodi. Jumanne ya wiki ijayo! Nimekunywa kikombe cha pili ambacho sikukitaka. Tangu nije huku kutoka Bukoba nimekunywa chai kwake kila asubuhi, na kila asubuhi nimekusudia kumwambia ninavyompenda. Kila mara mdomo umejaa andazi.

Lakini Apolonia anapenda sinema kupita kiasi. Gari likija hukaa mbele kabisa, chini, kafunika magoti kwa kanga. Basi nitaandika hadithi ya sinema. Itaonyeshwa Jumamosi. Ataona mapenzi yangu yakiwa na ukubwa wa ghala, na atabaki Tinde. Nashangaa kwa nini sikuliwaza mapema.

Jumanne, 4 Agosti

Somo la kwanza. Nilimsomea Bwana Ignas mwanzo wa hadithi: "Karani mmoja, kijana mzuri, anamfikiria mwanamke. Anamfikiria tena. Anazidi kumfikiria." Akaniuliza mpiga picha aelekeze kamera wapi. Nikamwambia kwenye mawazo. Chai ilimtoka puani.

Akasema sinema huandikwa kwa macho. Kisichoonekana hakimo. Kama mtu anatamani, mwandishi atafute kitu ambacho mtu huyo anakifanya kwa mikono yake, watu wakione, waelewe wenyewe. Nikaitikia kwa kichwa. Nadhani hilo ni la wanaoanza.

Kisha akauliza huyo mwanamke anataka nini. Nikasema anamtaka karani. Umejuaje? Nikamjibu kwamba mimi ndiye mwandishi. Akaomba paja la kuku lililobaki.

Jumatano, 5 Agosti

Pigo. Sinema haitengenezwi kwa siku nne, asema Bwana Ignas. Inataka kamera, wazungu, na karibu mwaka mzima. Nilikaa juu ya robota la pamba nikatamani kufa, hadi mpimaji mizani akaniomba niondoke, kwa kuwa robota hilo lilikuwa mizanini.

Jioni nikapata shauri. Mkanda uliomo garini ni ule wa josho, wa kuogesha ng'ombe ili kupe wafe. Watu wameuona mwaka jana na mwaka juzi. Hata ng'ombe wameuchoka. Lakini picha hazisemi! Anayesema ni mwenye kipaza sauti. Je, nikiweka hadithi yangu juu ya picha zilezile? Bwana Ignas akasema amelieleza josho hilo kutoka Kagongwa hadi Maswa na kama nina maneno mengine, Mungu anibariki.

Kanitajia picha kwa mfuatano. Mwanamume na fimbo. Ng'ombe wanaingia majini. Ng'ombe wanatoka. Mwanamume anacheka. Treni imebeba ngozi, inaondoka. Nikauliza mwanamke anaingia picha ya ngapi. Hakuna mwanamke. Mkanda mzima!

Nimekesha na tatizo hilo. Ufumbuzi: mwanamke yupo, ila yuko nyuma ya josho. Mwisho atatoka.

Alhamisi, 6 Agosti

Leo nimemshughulikia Makoye. Huyu ni dresa, mfunga vidonda wa zahanati, Msukuma, naye anakunywa chai kwa Apolonia. Hukaa karibu na jiko, kwamba eti anasikia baridi. Saa tano ya mchana! Hasemi kitu. Humshikia tu Apolonia birika linapokuwa zito. Sipendi watu wanaojipendekeza.

Sitaki awepo Jumamosi. Basi nikamwambia nimesikia kuna ndui ng'ambo ya Kagongwa. Akauliza nani kasema. Nikasema watu. Akafunga mkoba, akapanda baiskeli, akaenda. Sijawahi kuona mtu mwepesi kudanganyika hivyo. Nimekula vizuri.

Ijumaa, 7 Agosti

Springi imefika na dereva. Mkalimani hakufika, meno yanamuuma Shinyanga. Bwana Ignas akauliza nani atayatia maneno yangu katika Kisukuma, maana nusu ya watazamaji hawajui Kiswahili cha hadithi. Nikasema mimi. Akaniambia nijaribu. Nikajaribu. Mzee Ngassa, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote hapa, alikuwa akipita. Akasimama, akanipa pole, akauliza ni nani amefariki.

Yuko mtu mmoja tu Tinde ajuaye lugha zote mbili sawasawa na asiyeogopa kipaza sauti. Kwa sababu hiyo nilipanda baiskeli ya ghala katika jua la saa saba, mchanga hadi kwenye rimu, nikamfuata Makoye nusu ya njia ya Kagongwa. Nilimkuta anarudi. Akasema hakuna ndui. Nikasema Mungu ni mwema. Akasema, "Karani, ungeniambia tu kwamba hunitaki pale. Ningekaa nyuma."

Amekubali kutafsiri. Nimemwonya asiongeze lake.

Jumamosi, 8 Agosti

Onyesho!

Watu kama siku ya mnada. Shuka likafungwa kati ya miti miwili, injini ikanguruma, mwanga ukawaka. Apolonia mbele, chini, kanga juu ya magoti. Mimi kulia kwa gari na kipaza sauti, Makoye kando yangu.

Picha ya kwanza, mwanamume na fimbo. Nikatangaza kwamba mtu huyu anampenda mwanamke ambaye yuko nyuma ya josho. Makoye akatafsiri. Kimya. Kimya kizuri! Ng'ombe wakaingia majini, nikasema ndivyo moyo wake unavyozama, na nikafafanua kuzama huko kwa marefu na mapana. Makoye akasema neno moja. Watu wakacheka. Niliposema neno moja yeye akasema mengi, na kina mama wakaguna kwa huruma.

Wakaanza kumuulizia. Yuko wapi? Mbona hatoki? Mtu akapaza sauti, "Mayu, mama, toka, mwenzio anakungoja!" Baadhi wakainuka kwenda kuchungulia nyuma ya shuka. Bibi mmoja akarudi na kuapa kwamba ameuona unyayo wake. Mzee Ngassa akasimama katikati ya mwanga, kivuli chake kikameza josho lote, akasema tuache ujinga, mpenzi mwenyewe ni yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe za kuchanua, na kama angekuwa wake yeye Ngassa, naye asingemwondolea macho. Walio wengi waliona hoja hiyo ina uzito.

Ikabaki picha ya mwisho, treni. Bwana Ignas alikuwa amenishauri ninyamaze hapo. Mimi nilikuwa na ukurasa mzima: mwanamke anatoka nyuma ya josho, anamkumbatia karani, anaapa hatahama kamwe. Nikausoma wote, ingawa kelele za wanaobishania ng'ombe mwekundu ziliimeza sauti yangu na kwenye shuka ilikuwa treni tu, inazidi kuwa ndogo. Nilipomaliza, Makoye alingoja kelele zitulie. Kisha akasema maneno machache, taratibu, bila kuangalia mtu.

Hakuna aliyecheka. Mwanga ukazimwa, na Apolonia akaendelea kulitazama shuka tupu. Alijifuta macho kwa pindo la kanga. Niliona kwa macho yangu!

Ukurasa wangu. Ukurasa wangu umefanya kazi.

Jumapili, 9 Agosti

Nimemwamkia Mzee Ngassa shikamoo njiani kutoka kanisani. Marahaba, akasema, na akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Amesema maneno ya mwisho hayakumpa usingizi. Nikauliza kwa upole ni yapi hasa. Akanirudishia alivyoyasikia kwa Makoye: mwanamke hayuko nyuma ya josho. Yumo ndani ya treni. Alikuwa akiitamani safari hiyo kabla hajamjua huyu bwana, na bwana anajua, ndiyo maana hakumwita arudi. Anacheka ili mwanamke aende kwa amani. Treni ikishapotea, bwana atarudi kuogesha ng'ombe.

Ukurasa wangu wote! Hakuna hata neno! Mwizi, mhuni, mwuza dawa za kuhara! Nilitaka kumweleza mzee ukweli, lakini alikuwa ananiambia kwamba sisi Wahaya wa Bukoba tuna vichwa, na nikaona si adabu kumkatiza. Nimeipokea sifa hiyo, nikasema asante.

Gari la sinema limeondoka. Bwana Ignas alichungulia dirishani akasema nina bahati ya mkalimani. Wivu.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimekwenda mapema kuvuna matunda ya onyesho. Apolonia amenikaribisha kiti kilicho karibu na jiko, mahali pa Makoye. Makoye hakuwapo. Maandazi ya moto. Akakaa mkabala nami, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Akasema hajawahi kusikia hadithi kama ile. Akasema kila mtu hapa, shangazi, padri, wateja, anamwambia akae, Geita ni kwa wachimbaji na vurugu, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka kwenda. Anataka. Tangu akiwa msichana mdogo anahesabu malori yanayopita. Kisha akauliza, akinitazama sana, mwisho ule wa treni, maana Kiswahili changu kilimezwa na kelele, ulikuwa wa nani. Wangu au wa Makoye?

Nikasema wangu.

Nani angesema vingine? Alikuwa na machozi!

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema, "Asante, Bwana Theonest. Nilidhani wewe ndiye utakayenizuia. Nilikuwa naiogopa asubuhi ya kesho kwa ajili yako." Sasa anaweza kwenda kwa amani. Nikacheka. Sikujua uso ufanye nini kingine. Nikajikuta nikijitolea kumbebea jiko.

Alipokwenda kuongeza maji alisimama kidogo, birika mkononi, akitazama mlangoni.

Sidhani ilikuwa kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa mezani.

Jumanne, 11 Agosti

Lori la Geita limekuja na magunia ya chumvi. Nimebeba jiko, limenichafua shati jeupe. Makoye alikuja na mkoba wake wa dawa, akapandisha birika kubwa na vikombe, akavifungia katika majani makavu kimoja kimoja. Apolonia akatuaga wote wawili kwa mkono. Kwangu alisema nisiache kuandika. Kwa Makoye alianza kusema kitu, dereva akapiga honi.

Ameondoka.

Nimesimama barabarani na penseli, kwa kuwa hili ni jambo la sinema kabisa, na mwanafunzi wa kweli hapotezi nafasi. Nimeshaandika: "Karani ana huzuni. Ana huzuni kubwa. Huzuni yake haina kifani." Baada ya hapo maneno yakagoma. Natafuta namna ya kuonyesha mtu aliyeachwa, na hapa Tinde hakuna mfano.

Makoye alikuwa amesimama mbele yangu, katikati ya barabara. Mkononi ana kifuniko cha birika, wamekisahau. Anakizungusha taratibu, anakifuta vumbi kwa mkono wa shati, vumbi la lori linakirudia, anakifuta tena. Amefanya hivyo muda mrefu sana.

Nimemwomba asogee. Alikuwa ananizibia.