Pua Iliyoogopwa na Virusi

Virusi vyote duniani vilikuwa vinamwogopa bosi wangu! Sisemi mimi, alisema mwenyewe, kila asubuhi, kabla hata ya kutusalimia.

"Miaka kumi na tisa navichunguza," alituambia huku akijipiga kifua. "Vya mafua, vya kikohozi, vya mapafu, ukoo mzima! Hakuna hata kimoja kilichothubutu kuigusa pua hii!"

Basi tukambatiza jina: Pua Safi. Akiwepo, tulimwita Daktari.

Barakoa aliziona ni za watu wa kawaida. Wagonjwa wa utafiti wetu waliingia wakikohoa hadi vioo vinatikisika, naye anawainamia uso kwa uso, anawachungulia puani kama fundi bomba. Sisi wengine tulijifunika tukabaki macho tu. Katibu muhtasi wake alikuwa anakohoa tangu aajiriwe. Dereva wake naye hakauki kamasi. Daktari alisema hao ni watu wa kinga dhaifu, hawapendi mboga.

Sasa, kazi yetu ina utaratibu wake. Ukipima sampuli za wagonjwa, sharti uweke pembeni sampuli moja ya mtu mwenye afya, isiyo na kirusi. Ya wagonjwa iseme ndiyo, hii iseme hapana. Hii nayo ikisema ndiyo, ujue kuna mtu kaichafua, na majibu ya siku nzima yanatupwa.

Maabara nyingine hutafuta watu wa kujitolea. Sisi tuhangaike ya nini, na pua ipo? Kila Jumatatu Daktari alijichokoa kwa kijiti cha pamba, akakitumbukiza kwenye kichupa, akaandika kwa wino mwekundu: SAFI.

Na Safi ikasema ndiyo.

"Nani kachafua?" alinguruma. Akafukuzwa mtaalamu wa kwanza. Safi ikasema ndiyo tena, akafukuzwa wa pili. Wa tatu hakungoja kufukuzwa, alikwenda zake kufuga kuku. Wa nne ni mimi, na mikononi mwangu Safi ilisema ndiyo mara tatu mfululizo!

"Binti," aliniambia, ingawa nina miaka arobaini na mmoja, "una mikono michafu."

"Daktari, nimenawa mpaka ngozi inatoka!"

"Ijumaa wanakuja wakaguzi. Nitawaonyesha kwa macho yao tatizo ni nani. Wewe anza kufunga virago."

Nililia chooni, sifichi. Kazi hii niliisomea kwa tabu huku nikilea, na ukifukuzwa kwa uchafu hakuna maabara itakayokupokea hata kufagia. Kibarua kilikuwa kinaota nyasi nikiona.

Ijumaa wakaja watatu, mkuu wao mama mmoja mpole, mwenye miwani, asiyecheka ovyo. Daktari alivaa koti jipya jeupe, bado lina mikunjo ya dukani. Mimi niliketishwa kona, mikono magotini, nisiguse hata kalamu.

"Waheshimiwa! Leo nafanya kila kitu mwenyewe. Bila mikono ya huyu, mtaiona Safi ilivyo safi!"

Akajichokoa pua mbele yao kwa madaha, machozi yakamlenga. Akachanganya dawa, akapakia mashine, akabonyeza. Kwenye kompyuta mistari ya wagonjwa ikaanza kupanda mmoja mmoja. Mstari wa Safi ukalala chini, na roho yangu ikalala nao. Daktari akanitupia jicho la ushindi.

Kisha Safi ikanyanyuka. Ikapanda. Ikapanda jamani! Ikawapita wagonjwa wote, hata yule wa juzi aliyeletwa amebebwa.

"Mashine mbovu hii!" Daktari alipiga kelele.

Mama mkaguzi akanigeukia. "Njoo mwanangu, nichukue sampuli mimi. Hiyo hiyo mikono michafu ndiyo naitaka."

Nikamchukua sampuli, nikapima kwa mashine ile ile. Mstari wake ulilala chini mpaka mwisho, haukugutuka.

"Mashine nzima, mikono mizima," alisema. "Daktari, hiyo pua yako umewahi kuipima kama ya mgonjwa?"

"Ya nini, mama? Siumwi!"

"Wako wengi hawaumwi. Wanaambukiza tu."

Mlangoni katibu muhtasi, aliyekuja kukusanya vikombe, akakohoa hadi vikombe vikalia. Daktari akakaa chini bila kukaribishwa.

Mwongozo wetu, ambao aliuandika yeye, unasema mwenye kirusi ajitenge siku saba. Akampigia mkewe atayarishiwe chumba, na sauti ya simu tukaisikia sote.

"Usithubutu, baba watoto! Wanao wamepona juzi, mama yangu kapona jana. Kumbe ni wewe!"

Ikabidi alazwe chumba cha wagonjwa wa utafiti. Wakaguzi wakaniachia kazi yangu, wakaniongezea na nyingine: nimchukue sampuli kila asubuhi, niandike ninachokiona.

"Inua kichwa, Daktari. Usitikisike."

Makala imetoka mwezi huu, na mwandishi ni mimi. Daktari naye yumo, ukurasa wa pili, kwenye jedwali: Mgonjwa Na. 1, mwanamume, miaka hamsini na minane, anadai haumwi.