Watu Kumi na Nukta Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Watu husema mimi ni binti mpole, msaidizi, asiyeongea ovyo. Si kweli. Sipendi kusaidia. Napenda kushangaza. Nasaidia kwa sababu ndiyo njia pekee ya kushangaza bila kusimama mbele za watu.

Basi leo, likizo imeanza, nimejitolea ofisini kwa Shangazi. Ana matawi manne ya kufulia nguo. Mama yangu, wifi yake, anasimamia lile dogo karibu na kituo cha mabasi. Nilitarajia kazi ya akili. Nimepewa kubandika namba kwenye mashuka ya hoteli!

Kompyuta imekaliwa na binamu yangu, mtoto wa Shangazi, anayesoma biashara chuoni. Anaitwa Profesa. Amejiita mwenyewe. Anaandaa bajeti ya mwaka ujao katika programu ya mipango ya fedha, ambamo kila tawi lina ukurasa kwa kila mwezi. Muuza sabuni amepandisha bei kwa asilimia kumi. Kwa hiyo Profesa anafungua ukurasa, anabadilisha sabuni, anahifadhi, anafungua mwingine. Kwa kidole kimoja! Nimesimama nyuma yake nikiteseka.

Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba programu ina kitufe cha Rekodi. Inakutazama ukifanya kitu mara moja, kisha inarudia yenyewe kwingine kote. Nimesoma mwongozo mzima, na maelezo ya chini ya kurasa pia. Akajibu kwamba watoto wa sekondari wakasome hadithi.

Hadithi! Mimi!

Jumanne, 5 Agosti

Mambo si mchezo tena. Jana Mama alisimulia wakati wa kula: Alhamisi anakuja mbia wa Shangazi, mzee ambaye wote tunamwita Bwana Miwani. Atatazama bajeti, na tawi litakaloonekana kuwa mzigo litafungwa. Likiwa lake, Mama atarudi kupiga pasi uani kwa Shangazi, chini ya macho ya wifi yake, kama alipoolewa. Alisema hivyo huku akicheka. Chakula hakumaliza.

Na hatima yake iko kwenye kidole kimoja cha Profesa!

Leo alipotoka kwenda kula, nikakaa. Nikabonyeza Rekodi. Nikafungua ukurasa wa Januari wa tawi la ofisini, nikashuka mstari wa tatu, sabuni, nikaongeza asilimia kumi, nikahifadhi. Nikaamuru irudie kurasa zote. Kabla sijameza mate, imekwisha! Kazi ya siku tatu.

Nikaongeza kitu kidogo cha kumnyoosha Profesa: nimeiweka ijiendeshe yenyewe kila faili linapofunguliwa. Aone tarakimu zikicheza bila kidole chake. Anyamaze.

Jumatano, 6 Agosti

Hakunyamaza. Amemwambia Shangazi kwamba amemaliza kazi mapema! Shangazi akamsifu mbele yangu, akaniambia nijifunze kwa kaka yangu. Nilikuwa nimeshika foronya ya mtu. Nimeikunja vibaya kwa makusudi.

Tena siku nzima amekuwa akifungua faili, analifunga, analifungua tena ili wanaopita waone. Hata aliyeleta maji ya kunywa ameonyeshwa. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyesoma mwongozo.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Bwana Miwani alikuja. Wasimamizi wote walikaa ukutani, Mama akiwa wa mwisho, amevaa gauni lake la sherehe. Profesa akafungua faili kwa madaha. Bwana Miwani akasogeza uso karibu na kioo, kisha akauliza ni kwa nini tawi la kituoni linalipa mishahara ya watu kumi na nukta saba.

"Na huyu nukta saba," akasema, "anafanya kazi mpaka kiunoni?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akasimama.

"Wifi, mimi nina watu watano, unawajua kwa majina. Huyo wa sita angekaa wapi, ndani ya mashine?"

Hapo nikaelewa. Kitufe cha Rekodi hakisomi neno sabuni. Kinakumbuka mstari wa tatu tu. Kwenye matawi mengine mstari wa tatu ni sabuni. Kwenye tawi la Mama ni idadi ya wafanyakazi! Tangu programu iliponunuliwa, Mama aliomba kwamba kwake watu waandikwe juu ya sabuni. Alisema haiwezekani sabuni itajwe kabla ya binadamu. Na kila Profesa alipofungua faili kujionyesha, watu wa Mama waliongezeka. Sabuni ya wengine nayo ilipanda, lakini sabuni ni kitu kidogo. Mishahara si kitu kidogo.

Bwana Miwani alikuwa ameshaanza kusema kwamba tawi hilo halibebeki. Profesa akasema labda kompyuta imechoka. Akalifunga faili, akalifungua upya. Mbele ya macho yetu, watu wakawa kumi na mmoja na nukta nane.

Mama alikuwa bado amesimama, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Ni mimi," nikasema. Kwa sauti! Wote wakageuka. Nilitamani kuingia kwenye kapu la soksi. Nikaeleza yote, mpaka mstari wa tatu. Bwana Miwani akavua miwani, akatupa muda mpaka kesho.

Shangazi amenikataza kugusa bajeti, isipokuwa kesho tu, na kwa mkono.

Ijumaa, 8 Agosti

Kwa mkono! Profesa anasoma, mimi naandika. Ukurasa baada ya ukurasa, kama enzi za vibao vya udongo. Vidole vinauma. Utu wangu unauma zaidi.

Tarakimu za kweli zikatoka. Tawi la Mama linajibeba vizuri. Mzigo ni tawi la ofisini, kwa sababu linamlipa mtu mmoja aliyeandikwa "mshauri". Mshauri ni Profesa. Bwana Miwani akaamua kwamba hakuna tawi litakalofungwa, ila mshauri ataingia zamu za mashine kama wengine. Mama akaketi. Akacheka, safari hii kweli, mpaka akafuta macho.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetafakari sana. Kosa halikuwa langu. Ni la aliyepanga mistari tofauti, na la aliyefungua faili mara nyingi kwa majivuno. Rekodi yenyewe ilifanya kazi bila dosari.

Shangazi amenikataza bajeti. Programu ya zamu hakuitaja.

Nilisubiri aende kusali, nikaifungua. Kwenye ukurasa wa Agosti wa tawi la ofisini, jina la Profesa liko mstari wa pili. Nikabonyeza Rekodi, nikampangia zamu ya alfajiri Jumapili, upande wa mashuka, nikaamuru irudie kila ukurasa mpaka mwisho wa mwaka. Kurasa nyingine sikuzifungua. Za nini? Nikazima kompyuta, nikaenda kituoni kumsaidia Mama kukunja taulo.